Eka nne za Micheweni: tupande mivinje, tuingie msitu wa shehia, au tuache kichaka kikue?

Mwana wa Maweni (mwanzisha mada)

Assalamu alaykum. Marehemu baba yetu, ambaye mama alimtangulia, ametuachia eka nne katika Wilaya ya Micheweni, Pemba. Eka moja na nusu ni udongo mwekundu wenye mikarafuu mikongwe, na zilizobaki ni maweni, yaani ardhi ya mawe yenye udongo kidogo, yaliyoota kichaka kizito, kwa kuwa hapajalimwa tangu tukiwa wadogo. Tuko ndugu saba, wanaume wanne na wanawake watatu, na wengi wetu tunaishi nje ya kisiwa. Yamezuka maoni matatu: kufyeka kichaka na kupanda mivinje ya majengo, kuyaingiza maweni katika msitu wa jamii wa shehia, ambao tumepakana nao, au kuyaacha mikononi mwa familia na kuvuna kidogo kidogo. Ningependa kusikia kutoka kwa waliokwisha kujaribu zaidi kuliko kwa wenye kudhani.

Mkulima wa Mivinje

Waalaykum salaam. Nilipanda mivinje katika eka moja ya mchanga kwa nafasi ya mita mbili kwa mbili, ambayo ni miche kama 1,000 kwa eka. Mti huu unakwenda mbio, mizizi yake hushirikiana na vijidudu vinavyoutafutia naitrojeni, na mafundi huziulizia nguzo kabla hazijakatwa. Hata hivyo, mvinje uliokwisha kukatwa hauchipui ipasavyo, kwa hiyo kila baada ya mavuno unarudi kwenye kitalu na kuanza upya, na gharama hiyo wengi hawaihesabu. Tatizo la pili ni jiwe. Upande wangu wa maweni nilitafuta kwa mtaimbo mashimo yenye udongo, nikapanda miche ishirini, na iliyosimama hadi leo ni sita.

Kisiki Hai

Aliyetoa rai ya kufyeka anisamehe, lakini hapo ndipo mtakapoitupa mali. Kichaka cha maweni kina mizizi iliyokwisha kupenya katika nyufa za jiwe, kazi ambayo mche wa kitalu utaifanya kwa miaka mingi kama hautakufa kwanza. Nendeni mkatazame kisiki kimoja kilichokatwa miaka miwili nyuma: mtakuta machipukizi manane au kumi yanagombania mwanga. Chagueni matatu yaliyonyooka na yaliyotokea karibu na ardhi, mengine yaondoeni kwa panga kali. Mkato uwe wa kuinama, ili maji ya mvua yateremke, yasituame juu ya kisiki na kukiozesha. Sisi tumeligawa eneo letu vipande sita na kila mwaka tunakata kimoja, tukipata fito na kuni. Tunapokirudia cha kwanza, kimeshakuwa na miaka sita ya kupumzika, na ndani yake tunabakisha miti michache mikubwa ya kutoa mbegu.

Nawaomba tu msiichukue kanuni hii mkaipeleka pwani. Mkoko wenyewe, ule unaosimama juu ya mizizi iliyopindana, ukiukata chini ya matawi yenye majani hufa moja kwa moja, ingawa mchu, ambao ni mkoko wa aina nyingine, huchipua. Nimeona sehemu ya ufuko ikibaki tope tupu kwa sababu mtu alidhani miti yote ina tabia moja.

Mjumbe wa Kamati

Mimi ni mjumbe wa kamati ya uhifadhi katika shehia yetu, kwa hiyo mnisikilize mkilijua hilo. Sheria ya misitu Namba 10 ya mwaka 1996 ndiyo iliyoipa jamii njia ya kuingia makubaliano na idara ya misitu, na mradi wa HIMA (Hifadhi ya Misitu ya Asili) ulioanza mwaka 2010 ulizisaidia shehia nyingi za Unguja na Pemba kuyafikia. Makubaliano hayo huambatana na ramani inayoonyesha sehemu isiyoguswa, sehemu inayovunwa kwa utaratibu na sehemu ya kilimo. Kabla ya kutia saini, ulizeni maweni yenu yataangukia sehemu gani, kwa sababu yakitiwa katika sehemu isiyoguswa, hata boriti moja ya kuezekea banda mtaiombea ruhusa kwenye ardhi mliyoizoea kuiita yenu. Mtakachokipata ni ulinzi, na kwa familia ambayo wengi wake wako mbali, ulinzi si jambo dogo. Lakini doria zetu ni za kujitolea, na vijana wawili kati ya watano waliokuwa wakizunguka wamekwenda kuvua. Sitawaficha hilo.

Jirani wa Jozani

Nachangia kutoka Unguja. Vijiji vinavyopakana na Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, iliyotangazwa mwaka 2004, hupata sehemu ya mapato ya wageni wanaokuja kuwaona kima punju. Msije mkapiga hesabu kwa mfano huo, kwani eka mbili na nusu za kichaka hazitaleta mgeni yeyote. Badala yake, wekeni mizinga ya nyuki.

Karani wa Mirathi

Naona mnazungumzia miti na karatasi mmeiacha. Ardhi ya Zanzibar ni ya umma, na kwa Sheria Namba 12 ya mwaka 1992 mtu huwa na haki ya kuitumia. Kama baba yenu aliipata katika mgao wa eka tatu wa baada ya Mapinduzi, ina masharti yake, kwa hiyo hati itazamwe kwanza. Tena kwetu mti huweza kuwa na mwenyewe na ardhi ikawa na mwenyewe mwingine, jambo ambalo mgeni halielewi na mwenyeji hulikumbuka siku ya ugomvi. Atakayepanda mivinje kwa fedha zake katika ardhi isiyogawiwa, bila ya maandishi, ataivuna mbele ya ndugu sita wanaodai sehemu zao.

Mkigawa maweni hayo kwa sheria ya mirathi ya Kiislamu, ni mafungu kumi na moja, mawili kwa kila mwanamume na moja kwa kila mwanamke, na kila dada atapata chini ya robo eka. Hapo hesabu ya vipande sita ya Kisiki Hai haina pa kusimama. Ama mkubaliane kwa maandishi kutogawa na kugawana mazao tu, ama msianze.

Mwana wa Maweni

Nawashukuru nyote. Jana usiku tumezungumza kwa simu, na dada zetu ndio waliokuwa wa mwanzo kukubali maweni yasigawiwe. Tutaandikiana mbele ya sheha. Mivinje tutaipanda kwenye udongo mwekundu tu, pale palipokufa mikarafuu, na atakayetoa fedha ataandikwa kuwa ndiye mwenye miti. Kamati tutaiomba ishirikiane nasi katika mpaka, bila ya kuwakabidhi eneo kwa sasa. Kisiki Hai, kipande cha kwanza tukate lini?

Kisiki Hai

Mwisho wa kaskazi, kabla ya masika, ili machipukizi yatoke na mvua. Na anzeni na kipande kilicho mbali zaidi na mabanda ya mbuzi.