Fangasi za miguu kwa waliopita JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) na wote wanaoshinda na buti: tupeane uzoefu

Wakuu habari zenu. Waliopita JKT, askari, walinzi, yeyote anayeshinda ndani ya buti kwenye joto hili la Dar, njooni tuongee. Wengi wanaona aibu na wanateseka kimya kimya.

Naanza. Hanga letu, yaani bweni la kuruta, lilijaa, buti pea moja, soksi unafua usiku na alfajiri unazivaa mbichi kwenda kwata. Kwangu ilianzia kati ya kidole cha mwisho na jirani yake: ngozi nyeupe, imelainika, ukiivuta inatoka na chini pekundu. Jioni ukivua buti ndipo muwasho unapopamba moto. Na tulikuwa tunaoga vizuri tu, kwa hiyo msimwite mtu mchafu. Fangasi inataka joto, unyevu na mahali pasipopita hewa. Ongeza bafu la pamoja na kuazimana kandambili. Hata Wamarekani kule Vietnam, kwenye Delta ya Mekong, magonjwa ya ngozi yaliwatoa askari wengi kazini, fangasi ikiwemo.

Mlinzi_Tandika: Mkuu umenigusa. Masika nasimama getini usiku kucha, buti limelowa. Duka la dawa wakanipa tyubu ya mchanganyiko yenye steroidi (dawa ya kutuliza muwasho na uvimbe). Muwasho ukakata, kumbe fangasi yenyewe inatambaa hadi juu ya mguu. Daktari wa ngozi akaipiga marufuku, akanipa terbinafini, dawa ya fangasi, ya kupaka. Ulizeni kilichomo kabla ya kulipa!

MamaKaribu: Mume wangu ni askari na ana kisukari. Kale kampasuko ka kidoleni kakaingiza bakteria, mguu ukavimba hadi karibu na goti, homa juu, akalazwa. Wenye sukari jamani, kagueni vidole kila siku.

Kuruta_wa_zamani: Krimu ya fangasi ya klotrimazoli paka wiki 4, usiache eti muwasho umeisha. Ikishaingia kwenye kucha krimu haitoshi, mara nyingi ni vidonge vya terbinafini kama wiki 12, na ini linapimwa kwanza. Halafu vaa soksi kabla ya chupi, maana chupi ikipita kwenye vidole inapandisha fangasi hadi kinenani.

Mlinzi_Tandika: Hiyo ya soksi nimeichukua. Sasa mwenye buti moja na zamu mfululizo, mvua hizi mnalikaushaje? Mimi najaza magazeti ndani, asubuhi bado ncha ina unyevu.