Naomba ushauri: mteja wetu wa zamani ameondoka kwa sababu ya bei iliyopangwa na kompyuta

Habari zenu, wakubwa kwa wadogo. Niko Lubumbashi, nafanya kazi mapokezi katika hoteli ambayo jina naliacha. Patroni ameleta programu inayopanga bei kila asubuhi: vyumba vikijaa inapanda, vikibaki wazi inashuka. Mantiki naielewa. Chumba kikilala kitupu leo, usiku huo huwezi kuuuza tena. Na mwezi wa 6, wiki ya mkutano wa migodi, mji mzima unatafuta kitanda.

Shida iko kaunta. Kuna papa mmoja mfanyabiashara, huja kutoka Kolwezi kila mwezi, chumba kile kile, dola 60 taslimu. Juzi kompyuta ikaandika 95. Alikuwa ameshapanga noti mezani, safi zote (mnajua hapa noti iliyochanika hata kidogo hakuna anayeipokea). Akaniangalia: "Mwanangu, leo nimekuwa mgeni hapa?" Nikakosa la kusema. Akazikunja noti moja moja, akabeba begi lake. Saa mbili usiku kundi lililokuwa limeshika vyumba tisa likafuta safari, bei ikashuka hadi 55.

Nikipunguza mwenyewe, patroni anasema nachezea pesa yake.

Mliofanya kazi hii, wateja wa kudumu mnawawekea bei yao ya mwaka? Mpokezi anaruhusiwa kupunguza kiasi gani bila kuomba ruhusa? Na huyu papa, nimpigie simu? Namba yake ninayo, ila naona haya.