Naomba ushauri: London au New York kwa mwenye mtoto mdogo?

Habari zenu wakuu. Kazini wamenipa nichague ofisi, London au New York. Nitakwenda na mke na mtoto wa miaka mitatu. Kote nimepita kikazi, ila kupita na kuishi ni mambo mawili.

London watu wapole lakini wamejifungia. Ukimkanyaga mtu kwenye treni, yeye ndiye anakuomba radhi! Kwenye ngazi za umeme unasimama kulia, kushoto unawaachia wenye haraka. Ukisahau hugombezwi, utasikia tu mtu anakohoa nyuma yako. New York watakukaripia mchana kweupe, kisha huyohuyo anakushikia kigari cha mtoto kwenye ngazi za stesheni, maana vituo vingi havina lifti. Treni zao zinatembea saa 24. London usiku kucha ni Ijumaa na Jumamosi, tena baadhi ya njia tu.

Kinachoniumiza kichwa ni matibabu na malezi. Uingereza ada ya NHS, yaani huduma ya afya ya serikali, unailipa pamoja na viza, yameisha. Marekani unategemea bima ya mwajiri, na hata ukiwa nayo kuna kiasi unatoa mfukoni. Mke anataka London, dada yake yuko huko. Mimi moyo uko New York, angalau kule mtu akikuchukia unajua.

Mlioishi na watoto wadogo huko, wapi mlipata majirani wa kuwagongea mlango usiku mtoto akiwa na homa? Na chekechea mlilipaje? Watani karibuni pia, ila muache na jibu.