Kazi gani ya nyumbani inakutuliza akili? Watu wa Kigoma tupeane uzoefu

Wadau habari za jioni. Wengi wetu kazi za nyumbani tunazifanya ili ziishe tu, mtu anaosha vyombo macho yapo kwenye simu, anafua huku anawaza kodi, kazi inaisha lakini kachoka mwili na akili. Mimi siku hizi nafua bila simu bila redio, naweka beseni uani hapa Mwanga nasikiliza maji tu, yale ya kwanza yanatoka na udongo mwekundu wote wa barabarani, ya kusuuza yanazidi kutakata mpaka unaona kitako cha beseni, na nafurahi kweli. Kuna mtawa wa Kibudha wa Vietnam, Thich Nhat Hanh, alifariki 2022, alikuwa anafundisha kwamba osha vyombo kwa ajili ya kuosha vyombo, usivioshe ili ukawahi chai, maana ukifika kwenye chai nako akili itakuwa imeshahamia kwingine. Imeniingia sana hiyo. Haya semeni, nyie kazi gani na mnaifanyaje?

Mama wa Ujiji:
Mimi dagaa jamani. Nikinunua pale mwaloni Kibirizi wale walioanikwa mchangani badala ya kwenye chanja najua kuna kazi, basi namwaga kwenye ungo, nakaa kivulini, namshika mmoja mmoja, kichwa natoa, utumbo natoa, mwili naweka bakuli la pili. Mwanzoni unaona hawaishi, ila ukishaacha kuangalia wamebaki wangapi vidole vinajiendea vyenyewe, unaanza kuona huyu ana rangi ya fedha bado, huyu kapigwa na mvua kabla hajakauka huyo simpiki. Halafu kuwaosha kwa maji ya vuguvugu, usiwakoroge, waache kidogo mchanga utuame chini ndo uwatoe juu juu kwa mkono. Zile siku za mbalamwezi wavuvi hawaendi ziwani kwa sababu taa hazivuti dagaa, bei inapanda, nachambua wachache na nawachambua taratibu zaidi. Wanangu wakubwa huwa wanakuja kukaa hapo hapo pembeni, na mambo mengi wanayonificha nimeyasikia kwenye huo ungo.

Kijana wa Gungu:
Kusonga ugali wa muhogo. Ule haukubali mtu mwenye mawazo mengi, ukizubaa kidogo tu mabuja. Naishi geto peke yangu na hiyo ndo dakika yangu ya utulivu.

Mwalimu, Mwandiga:
Nyongeza tu, hiyo ya vyombo wamewahi kuipima Marekani, Chuo Kikuu cha Florida State, utafiti ulitoka 2015. Wanafunzi 51 walioshishwa vyombo, kundi moja likasoma kwanza maelezo ya kuwa makini na kazi yenyewe, lingine maelekezo ya kawaida ya kuosha. Wale wa kwanza walioweka akili kwenye harufu ya sabuni na joto la maji ndo walisema wasiwasi umepungua. Ni watu wachache lakini mimi naiamini, nikipiga pasi ya mkaa jumapili jioni jumatatu naingia darasani nimetulia.

Mama mapacha:
Samahani mimi nasema tofauti. Naamka alfajiri kuchota maji, watoto, kibarua, narudi kupika, na kuna mwanaume mzima kakaa sebuleni anasubiri sahani. Utulivu nitautoa wapi hapo?

Mleta uzi:
Dada uko sahihi na sikubishii. Kazi zote zikimwangukia mtu mmoja hazina raha hata uzifanye taratibu vipi. Wanaume wa humu, ndoo za maji tuzibebe sisi, naongea serious kabisa.

Mama mapacha:
Asante kaka. Basi niseme moja, kufagia uwanja asubuhi wakati wamelala. Hiyo naipenda, naanzia mlangoni naenda kinyumenyume ili nisikanyage mistari ya ufagio.

Kijana wa Gungu:
Mleta uzi wewe wa kufua, mawese kwenye shati jeupe yanatokaje? Nimesugua mpaka kola imelegea.

Mama wa Ujiji:
Acha kusugua mwanangu. Paka sabuni ya kipande, loweka maji ya moto, suuza, halafu anika jua kali lile doa likitazama juu. Mafuta yanatoka na sabuni, ile rangi nyekundu inaliwa na jua. Isipoisha leo rudia kesho.