Naomba ushauri: nampeleka mama hekalu la Grishneshwar, India, anataka kumwagia linga (jiwe takatifu la mungu Shiva) maji kwa mkono wake

Habari zenu ndugu zangu. Sisi ni Wahindu wa Mombasa. Mama ana miaka 71 na magoti yanamsumbua. Tulishafika hekalu la Somnath, Gujarat, lakini pale muumini husimama kwa mbali, na ibada ya ndani hufanywa na makuhani. Mama alirudi na kiu moyoni. Sasa anataka Grishneshwar, kijijini Verul, Maharashtra, jirani na mapango ya Ellora. Ni moja ya jyotirlinga 12, yaani mahekalu matakatifu sana ya Shiva, na hekalu lililopo lilijengwa upya karne ya 18 na malkia Ahilyabai Holkar. Huko muumini huruhusiwa kuingia chumba cha ndani, kugusa linga, kumwagia maji na maziwa na kuweka majani ya mti wa bilva mwenyewe. Wanaume huvua shati kabla ya kuingia, hilo nimejiandaa.

Shida yangu ni msongamano. Chumba ni kidogo, na Jumatatu na mwezi wa Shravan, mwezi mtakatifu wa Shiva, watu hufurika. Mama anasisitiza Jumatatu, maana ndiyo siku ya Shiva na amekuwa akifunga kula siku hiyo miaka mingi. Mimi naogopa asisukumwe akaanguka kwenye sakafu yenye maji.

Waliowahi kwenda na mzee: mlifika saa ngapi? Aliweza kuinama, au mlimshika mkono? Na nimwambieje mama kuhusu siku nyingine bila kumvunja moyo? Hii safari ameisubiri sana.