Hivi nani aliruhusu mlima wa mwezini uitwe "Mlima Kilele"?

Wakuu, leo mniache niseme.

Kuna mlima mwezini unaitwa Mons Pico. Mons ni Kilatini, maana yake mlima. Pico ni Kihispania, kilele. Yaani jina rasmi, lililo kwenye ramani zote, ni Mlima Kilele. Sawa na kuzaa mtoto ukamwita Mtoto! Na aliyeleta haya hakuwa mbabaishaji. Ni Johann Schröter, Mjerumani aliyekesha na darubini karne ya 18 akiuchora mwezi. Aliuona, akakumbuka kilele cha Teide kule Tenerife, kisiwa cha Hispania, akabandika jina. Basi. Safu iliyo jirani nayo ikaitwa Montes Teneriffe, utadhani kisiwa kizima kimehamia huko.

Ingekuwa uvivu tu ningemezea. Jina linapotosha. Teide ni volkano. Pico si volkano hata kidogo. Miaka kama bilioni 3.9 iliyopita jiwe kubwa liliugonga mwezi, likachimba bonde la Imbrium na kuinua milima. Baadaye lava ikafurika humo, ikafunika karibu kila kitu, na Pico ikabaki imetoa kichwa peke yake katikati ya uwanda mweusi. Mlima ulionusurika gharika ya moto, halafu unaitwa Kilele! Juzi nimebishana na jamaa hadi usiku wa manane, kang'ang'ana kwamba ni volkano. Ushahidi wake? Jina.

Na wale wachoraji wa zamani walioufanya kama sindano, nao sijawasamehe. Walidanganywa na kivuli: jua likiwa chini, kinatambaa mbali mno. Mlima wenyewe una kimo cha kilomita 2.4 hivi, kitako chake kina urefu wa kilomita 25. Sindano gani hiyo?

Kinachoniuma zaidi, Jim Lovell, mwanaanga wa Apollo 8, aliuita mlima mmoja wa mwezini Marilyn, jina la mkewe, mwaka 1968. Umoja wa Kimataifa wa Wanaastronomia ukaja kulikubali 2017. Miaka 49! Huyu wa Kilele yeye alipita bila kuulizwa.

Mwenye darubini autafute kusini mwa kreta (shimo la mviringo) ya Plato, kesho yake baada ya mwezi unaokua kufika nusu. Kisha aje aseme angeuitaje. Atakayeandika "Kilele" tutagombana.