Kikundi: Ukoo wa Shela, Malindi

*Shangazi Mwanaidi:* Asalaam aleikum nyote. Jumamosi twapeleka mahari Amu (Lamu). Nguo na udi tayari, mnyama bado. Semeni mapema.

*Salim:* Punda, shangazi 😂

*Shangazi Mwanaidi:* Punda Amu? Huko ni kupeleka mchanga pwani. Wanao hao mpaka wana hospitali yao tangu miaka ya 1980.

*Ami Sudi:* Mwahangaika na mnyama, na mji wenu ulipeleka twiga Uchina mwaka 1415!

*Fatma:* Ami, twiga mzima?

*Ami Sudi:* Mzima, kwa bahari. Mwaka wa kabla yake, 1414, Wachina walikuwa wameshapata mmoja kutoka kwa sultani wa Bengal, naye alimtoa huku huku Malindi. Wakachanganyikiwa. Wetu alipofika, mfalme Yongle akatoka mwenyewe hadi langoni kumpokea.

*Salim:* Kwa twiga tu?

*Ami Sudi:* Kwao hakuwa twiga. Walikuwa na mnyama wa hadithi, qilin, asiyeonekana ila zama za mtawala mwadilifu. Na huyo Yongle alikuwa amempokonya kiti mtoto wa nduguye mwaka 1402. Sasa piga hesabu mwenyewe, mnyama kama huyo akija mlangoni kwako watu wako wakimwona.

*Fatma:* Kumbe tulimpelekea cheti cha tabia njema 😂😂

*Bi Rukia:* Na wajumbe wetu wakarudishwa kwao na meli za Zheng He, amiri wa Yongle, safari ya 1417. Hilo watu hawalisemi.

*Salim:* Wa Ufaransa ndiye alinichekesha. 1826, Muhammad Ali wa Misri alimpelekea mfalme Charles X twiga jike. Staha ya meli ikatobolewa apate kutoa shingo, na ng'ombe wa maziwa wakapakiwa pamoja naye, maana alikuwa mdogo bado. Kutoka Marseille hadi Paris akaenda kwa miguu! Wanawake wa Paris wakaanza kusuka nywele kwenda juu kumwiga.

*Shangazi Mwanaidi:* Mimi nauliza mbuzi, nyinyi mko Paris.

*Fatma:* Wachina wenyewe siku hizi dubu panda hawatoi bure, shangazi. Wanakodisha. Jozi moja yaweza kufika dola milioni moja kwa mwaka, na mtoto akizaliwa ni wao.

*Shangazi Mwanaidi:* Haya, mbuzi wa kukodisha tukiwapelekea wakwe, bibi harusi hatumpati. Twatoa kabisa. Dume, mweupe, pembe zote mbili nzima. Yule babake Hafsa ni mtu wa kutazama pembe.

*Ami Sudi:* Nitamtafuta sokoni kesho alfajiri, kabla ya madalali hawajaamka.

*Bi Rukia:* Na basi? Makondakta hawataki mbuzi ndani.

*Salim:* Kwenye keria apanda, bibi. Mimi nawaza Mokowe, pale pa kuvukia kwenda Amu, yule wa boti atatutoza mbuzi nauli ya mtu au ya mzigo?

*Shangazi Mwanaidi:* Ya mzigo. Na wewe ndiwe utakayemshika.